The Hound of the Baskervilles: wapi pamekukaa, wapi pamekukera? (Muuaji anatajwa humu)

Kibatari

Asalam alaykum wana jukwaa. Kama hujamaliza kitabu hiki cha Arthur Conan Doyle, kile cha mpelelezi Sherlock Holmes na jibwa linalosemwa linauandama ukoo wa Baskerville, rudi nje sasa hivi, jina la muuaji litatajwa na sitaki lawama.

Nianze na yangu. Kitabu hiki nilikisoma wakati Unguja nzima haina umeme, ule mzimiko wa Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Aliyekuwepo hahitaji kuhadithiwa. Maji hayapandi, jenereta zinanguruma Darajani mchana kutwa, na usiku vichochoro vya Mji Mkongwe kiza totoro, unajua ni mtu anapita kwa sauti ya kandambili tu. Mjomba alikuwa na sanduku la vitabu chini ya kitanda. Nikatoa hiki, jalada limebanduka, pembe zimeliwa na mchwa, nikakisoma ukumbini kwa kibatari huku mama ananigombeza kwamba namaliza mafuta ya taa.

Nimefika pale Barrymore, mtumishi wa nyumba ya Baskerville, anaamka usiku wa manane. Anatembea pekupeku kwenye ujia, mshumaa mkononi. Anaingia chumba kisicho na mtu, anausogeza mshumaa kwenye kioo cha dirisha, anaganda pale anakodolea kiza. Watson, daktari rafiki yake Holmes, anamchungulia mlangoni. Na mie wakati uleule nainua kichwa, dirisha la ghorofa ya jirani limetokea mwanga. Ukatulia. Ukazimika. Nilifunga kitabu nikaenda kulala chumba cha mama, na umri wangu ule.

Asubuhi tukaambiwa ni bibi wa jirani alikuwa anatafuta vidonge vyake vya presha. Sawa, lakini kurasa zile hazijanitoka mpaka leo. Watu wengi watasema pazuri ni pale jibwa linapochomoza kwenye ukungu. Mie nasema ni mshumaa. Tena ukija kujua kwamba Barrymore alikuwa anampa ishara shemeji yake, yule mfungwa Selden aliyetoroka, wapate kumpelekea chakula, hofu inageuka huruma. Shemeji ni shemeji hata akiwa muuaji.

Paliponikera ni sura ya mwisho, na hapa nina kisa. Nakala ya mjomba haikuwa na sura ya mwisho. Iliishia ya 14: Stapleton, ndiye muuaji, kakimbilia kwenye tope la Grimpen, hakuna aliyemwona anazama, kimekutwa kiatu cheusi cha Sir Henry, mrithi wa nyumba, tu, basi. Nilifunga kitabu nikasema, alhamdulillahi, mtu anajua kumaliza hadithi. Juzijuzi nikapata nakala kamili kwenye simu. Kumbe ipo sura ya 15! Wamekaa London mbele ya moto, mwisho wa Novemba, Holmes anaeleza moja baada ya jingine kama karani anayefunga daftari la duka. Nilihisi kama mtu kanifungulia taa ghafla usoni.

Haya, semeni.

Bi Urojo

Shoga, mie palinikera mapema zaidi. Mwanamme anakaa na mke wake nyumba moja, anawaambia watu huyu ni dada yangu, na kijiji kizima hakuna aliyeshtuka? Huko kwao hakuna majirani? Mlete Stapleton Kikwajuni wiki moja tu. Siku ya tatu muuza maziwa keshajua, ya nne wameshajadili barazani, ya tano kuna mama kaingia na sahani ya visheti "kuwasalimia wageni" na macho yake yamehesabu vitanda.

Halafu Sir Henry anampenda huyo "dada", anataka kumuoa, na Stapleton anakuja mbio na wavu wake wa vipepeo kufoka. Baadaye anaomba radhi, anamwambia angoje miezi mitatu. Miezi mitatu! Kama eda!

Lakini hapohapo ndipo nilipopapenda, nikubali. Mara ya kwanza unasoma unasema, huyu kaka ana wivu wa kaka, labda kazidisha. Mara ya pili unasoma unaona ni mume anamwangalia mkewe akichumbiwa mbele ya macho yake, na ni yeye mwenyewe aliyempanga. Maneno ni yaleyale, hayakubadilika hata moja.

Yakhe Mirathi

Nimesoma uzi huu na kikombe cha kahawa mkononi, nikakiweka chini.

Hivi hakuna mwengine aliyekaa akapiga hesabu? Ndugu walikuwa watatu. Mkubwa Sir Charles, ndiye maiti wetu, mke kafa, mtoto hana. Wa pili baba yake Henry, kafa. Mdogo ni Rodger, mkorofi, kakimbilia Amerika ya Kati, ikadhaniwa kafa huko hana mke wala mtoto. Kumbe kaacha mtoto, ndiye huyu Stapleton.

Sasa chukua mirathi tuliyosomeshwa chuoni. Maiti hana mtoto, hana mke, hana wazazi, ndugu zake wametangulia. Wamebaki watoto wawili wa kiume wa ndugu zake, daraja moja. Wote ni asaba, yaani warithi wa upande wa kiume, wanagawana nusu kwa nusu, hakuna cha mtoto wa mkubwa wala wa mdogo. Kitabu kinasema fungu la fedha la Sir Henry lilikuwa pauni 740,000. Gawa. Ni 370,000 kila mmoja, na Stapleton hana haja ya kununua mbwa. Angekuja mlangoni na cheti chake cha kuzaliwa, akasema "mie mtoto wa Rodger", akanywa chai.

Na alipoua ndipo alipojiharibia, maana muuaji hamrithi aliyemuua. Kwa hesabu zetu kaondoka na sifuri.

Kibatari

Yakhe, akina Baskerville si Waislamu.

Yakhe Mirathi

Najua, bibie. Sisemi fatwa, nasema hesabu. Kwao mali ilikuwa inamfuata Henry kwanza, ndiyo maana ilibidi Henry naye afe. Lakini hapo ndipo penye tundu la kitabu, na ndiyo nilipokereka: tuseme Henry kafa. Stapleton anakaa jirani kwa jina la uongo. Ataamka siku moja aseme nini? "Jamani, mie jirani yenu wa vipepeo, kumbe ndiye mrithi"? Mtoto mdogo atauliza kwa nini ulijificha. Watson naye kauliza swali hilohilo kwenye sura ya mwisho, na Holmes anasema hilo gumu, kisha anatoa njia tatu ambazo jamaa *pengine* angezitumia: adai akiwa Amerika ya Kusini, au ajibadilishe sura London, au amtumie mtu mwengine na karatasi zake. Njia tatu ni sawa na hakuna njia. Mwandishi alikwama.

Mwana wa Wete

Mimi naomba niseme la hofu, maana nyote mnaongea mali na posa.

Nilikuwa mtoto Pemba Ramadhani ya 1995. Wakubwa humu wanajua nasemea nini. Popobawa, yule shetani wa usiku aliyesemwa anawavamia watu majumbani. Tulikuwa tunalala nje, uani, mikeka imepangwa kama samaki kwenye tenga, moto umewashwa, wanaume wanapeana zamu. Baba, mtu asiyeogopa bahari wala mvua, alikuwa anakohoa kila baada ya muda kidogo ili tujue yupo macho. Usiku mmoja kitu kikatua juu ya bati. *Kra.* Kikaburura. Uwanja mzima ukanyamaza, hata watoto wachanga. Kisha kikadondoka chini mbele yetu: embe, na popo akaruka. Mnafikiri tulicheka? Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema, "Na nani kalituma?"

Ndiyo maana sura ya pili, pale Dk. Mortimer, daktari wa Sir Charles, anasoma lile karatasi la 1742 la babu yao Hugo na jibwa, kisha anaulizwa kuhusu nyayo karibu na maiti ya Sir Charles, mimi niliisoma kama mtu anayenisimulia nyumbani kwetu. Daktari, msomi, mtu wa kupima mafuvu, na anaishusha sauti. Anaijua sayansi yote na bado anaishusha sauti! Huyo nimemwona Wete, tena ana digrii.

Nisichopenda: Holmes hakuogopa hata kidogo. Mtu asiyeogopa kabisa simwamini. Watson ndiye aliyekuwa mwenzangu.

Kitabu Kimoja

Mimi kinyume. Mimi nilikasirika Holmes alipopotea. Anamtuma Watson Devon, kwenye nyumba ile ya nyikani, pamoja na Sir Henry, yeye anasema ana kazi London, na kuanzia sura ya 6 mpaka mwisho wa ya 11 humuoni. Sura sita! Nilinunua upelelezi nikapewa barua za daktari.

Bi Urojo

Kaka, si alikuwepo? Alikuwa kajificha kwenye kibanda cha mawe nyikani, anapelekewa boflo, ulimi wa kopo na mapichi ya kopo. Kaka yangu mie akiambiwa ale hivyo siku mbili atatoka mwenyewe ajisalimishe.

Kitabu Kimoja

Ndiyo hasa kinachonikera. Alikuwepo na hatukuambiwa.

Kibatari

Kitabu Kimoja, kumbuka kilitoka kwa mafungu kwenye jarida la The Strand, kuanzia Agosti 1901 mpaka Aprili 1902. Mtu anasoma fungu, anangoja mwezi. Tena wasomaji wale walikuwa wanaamini Holmes keshakufa, mwandishi alimuua kwenye hadithi ya 1893. Sasa wewe umengoja miaka hiyo yote, umeletewa Holmes, halafu anakwambia naenda zangu. Na kisha yule mtu mwembamba anayeonekana juu ya jiwe, mwezi nyuma yake... Hebu fikiri ungengoja mwezi mzima kumjua ni nani.

Kitabu Kimoja

Ningekata usajili.

Msasi Mstaafu

Mimi si msomaji wa vitabu sana, hiki kanipa mwanangu kwa sababu kina mbwa. Nimesasa nguruwe mwitu kusini huku miaka mingi, mbwa nawajua.

La viatu ni zuri. Pale hotelini London kinaibwa kiatu kipya cha rangi ya udongo, kisha kinarudishwa, kinaibwa kikuukuu cheusi. Watu wanashangaa. Mimi sikushangaa, nilimwambia mwanangu palepale: huyo mwizi anataka harufu. Kiatu kipya hakijavaliwa, kina harufu ya ngozi ya dukani tu. Kikuukuu kina harufu ya mwenyewe. Na mbwa hajui sura, hajui jina, anajua harufu. Ndiyo maana yule mfungwa kafa maskini, kapewa nguo kuukuu za Sir Henry akakimbizwa nazo mpaka akaanguka majabalini. Mbwa hakukosea. Mbwa kafanya kazi aliyotumwa.

Lisilonipendeza ni malisho. Mbwa mkubwa kiasi hicho, kafungwa kwenye mgodi wa zamani katikati ya tope, anakula nini kila siku? Mifupa iliyokutwa haitoshi. Mbwa wangu watatu tu walikuwa wananimalizia vichwa vya samaki vya soko zima. Na anapolia, nyika nzima inasikia, na hakuna mwanamme hata mmoja aliyechukua tochi na panga akaenda upande wa sauti. Wanasema "labda ni tope linajikaza", "labda ndege". Ndege!

Mwanangu ananiambia nisisahau kile kijibwa cha Dk. Mortimer, kilichopotea na mwisho ikakutwa mifupa yake na manyoya. Hapo nilisimama kusoma kidogo.

Maalim Kemia

Ami Msasi, umenifungulia mlango. Mie nasomesha sayansi skuli ya sekondari, na mbwa huyo ananiuma kila nikimkumbuka.

Jibwa linawaka mdomo na macho kwa sababu Stapleton kalipaka dawa yenye fosforasi. Kung'aa, ni kweli, fosforasi nyeupe inang'aa kizani. Inang'aa kwa kuwa inaungana polepole na oksijeni ya hewani. Lakini ni sumu kali, na inaunguza ngozi. Mbwa kapakwa mdomoni! Mbwa hujilamba. Atalamba mara mbili tatu, na kabla ya kumfikia Sir Henry atakuwa keshalala chini.

Na kuna jengine. Fosforasi nyeupe ikifika joto la nyuzi 30 na kidogo hivi inashika moto yenyewe hewani, ndiyo maana huwekwa ndani ya maji. Devon usiku wa ukungu, labda. Lakini mtu akitaka kufanya mchezo huo hapa kwetu, kiangazi cha Januari, mbwa angewaka kweli, si kwa kung'aa. Hadithi ingekwisha sura ya tatu.

Pamoja na hayo, ukiniuliza ukurasa nilioupenda, ni huohuo. Ukungu unasogea kama ukuta kuelekea njiani, Holmes ana wasiwasi kwa mara ya kwanza kwa sababu Sir Henry asipotoka haraka njia itafunikwa, wanarudi nyuma, wanarudi tena nyuma. Kisha zinasikika hatua. Sayansi nikaiacha mlangoni kama viatu.

Mwana wa Wete

Umeona? Alikuwa na wasiwasi. Basi namsamehe nusu.

Bi Urojo

Na Sir Henry kaangukiwa na mbwa mzima, mate yote shingoni. Maskini, itabidi aoshe mara saba, na moja kwa udongo.

Kitabu Kimoja

😂😂 Holmes kampiga risasi tano, yeye anawaza twahara.

Yakhe Mirathi

Tusisahau wa kwetu lakini. Kabla hatujamsifu sana Holmes, Zanzibar tuna mpelelezi wetu wa hadithi, Bwana Msa na kiko chake. Kamuandika Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 1918. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, na mzee alikuwa mhariri wa magazeti, Kiswahili chake hakina mawe. Jambo ni lilelile: maiti inakutwa kwenye mzimu, ulimi wa watu unakimbilia mizimu, na mtu mmoja anakataa, anasema tutafute mkono wa binadamu.

Tofauti ninayoiona ni hii. Holmes anakuja nyikani kama mgeni. Wale wakulima kwake ni watu wa kuogopa tu. Bwana Msa anawajua wanaoamini mizimu, kakaa nao barazani, ni watu wake. Anapowabishia hawadharau.

Mwana wa Wete

Hapo umesema, sheikh. Na ndicho nilichokikosa kwenye kitabu hiki. Ningependa sura moja tu ya mkulima wa nyikani, yule anayeishi karibu na tope, anasikia sauti ile usiku. Aliwaambia nini watoto wake? Walilala wapi? Kitabu kinatupa Frankland na darubini yake na kesi zake zisizokwisha, mzee anachekesha kweli, lakini mkulima hasemi.

Kibatari

Wete, umenifanya nifungue tena sura ya 15. Nimeisoma upya leo mchana, nikiwa na nia njema. Nimekubali kitu kimoja: mle ndani ndimo tunapoelezwa vizuri Beryl, mkewe Stapleton, kwamba alijaribu kumuonya Sir Henry kwa ile barua ya maneno yaliyokatwa gazetini, na mwisho alipokataa kushiriki akafungwa kwenye nguzo ghorofani, ana alama za kipigo. Nakala ya mjomba ilikuwa na kipande cha nguzo, ila habari nyingine sikuzijua. Kwa miaka yote nilidhani Beryl alikuwa mwenzake hadi siku ya mwisho akageuka. Nilimdhulumu.

Lakini mengine ya sura ile, bado.

Bi Urojo

Shoga, umemhukumu mwanamke wa watu tangu umeme urudi 2010?

Kibatari

Nimekiri, basi!

Msasi Mstaafu

Hicho kitabu cha kizamani kisicho na mwisho bado unacho? Huyu mwanangu kanipa cha simu, macho yananiuma.

Kibatari

Ninacho, ami. Ila Mwana wa Wete kaniomba kabla, faragha, anataka kuwasomea watoto wake. Kuna mtu anapanda boti ya Pemba Alhamisi, nitampa. Wewe utafuata, nitamwambia akurudishie Makunduchi.

Wete, nimepiga chapa sura ya 15 dukani, karatasi chache tu. Niziweke ndani ya kitabu au nizibakishe?

Mwana wa Wete

Ziweke, lakini kwenye bahasha, uigundishe. Wanangu nitawasomea mpaka kwenye tope. Wakiuliza "kisha?", ndiyo nitajua kama nifungue.